Tanga Lenye Kifua

Furaha mama yangu,

Sasa hivi uko ghorofa ya nne, umezungukwa na wamama wa maombi wanaokushika kichwa kwa zamu, na kama namjua Mama Espérance, hajafika hata nusu. Mimi nimetoroka. Nimemwambia mama yako kwamba naleta botini kamba za kufungia tanga, zile nilizosahau nyumbani. Kamba hizo ziko hapa tangu Jumanne, na mama yako anajua, maana ndiye aliyenisaidia kuzibeba. Amenitazama tu, akasema, "Nenda, Papa Furaha. Lakini koti uvae."

Basi nimekaa kwenye godoro nililolishona mwenyewe, ndani ya boti ya Bwana Pillay, chini ya hizi taa zenu mpya. Nje nasikia kamba zinagonga milingoti ya boti za jirani, kama watu wanaotafuta kijiko cha chai gizani. Mnaondoka asubuhi. Bwana Pillay amekuwa akitazama utabiri wa hewa kwenye simu yake wiki nzima kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, na mchana ameniambia upepo wa kaskazini unafunguka kesho na utawasukuma vizuri mpaka bandari ya East London, kabla ule wa kusini haujaamka. Nikasema sharp, sawa kabisa. 

Sitakuandikia habari ya kula, kuvaa soksi na kupiga simu. Mama yako ameshakupakia ndagala, unga, pilipili ya kusaga, dawa ya kuchua kifua na mablanketi matatu, mpaka Bwana Pillay akauliza kwa adabu kama boti inakwenda Cape Town au Kongo nzima inahama. Mimi nitakuandikia yale mengine, ambayo mtu hawezi kuyasema mbele ya wamama wa maombi.

Unakumbuka tulivyoanza. Bwana Pillay alikuja kwenye meza yangu ya cherehani, pale chini ya jengo letu, na sponji kuukuu ya godoro begani. Alikuwa amestaafu kufundisha useremala huko Chatsworth, na alikuwa na boti ya zamani kuliko ndoa yangu. Akauliza nani hapa anashona vitu vizito. Nikasema mimi. Hadi siku ile sikuwa nimeshona kitu kizito kuliko joho la kwaya. Wewe ulikuwa bado na sketi ya shule. Ulinifuata kuja kupima magodoro, na mimi nikatapika boti ikiwa imefungwa kwa kamba nne kwenye gati. Bwana Pillay alisema miaka yake yote ya bahari hajaona jambo hilo. Wewe ulikuwa unazunguka humu kama jikoni kwa mama yako, unafungua kila mlango mdogo, unauliza hiki ni nini, kile ni nini. Nilikuona. Nikajifanya natafuta futi ya kupimia.

Ndipo tukajifunza kwamba boti huishi majira ya joto, lakini hutibiwa majira ya baridi. Wiki za baridi hapa Durban hewa inakauka, jasho linakwisha ukutani, rangi inashika. Boti zinatolewa majini, zinasimamishwa uwanjani kwa magongo pande zote kama wazee kwenye foleni ya kliniki. Wewe ulipiga msasa mpaka nyusi zikawa nyeupe. Mama yako alikufungulia mlango siku ile akasema, "Shikamoo, bibi."

Baridi hiyo ya kwanza ndiyo nilipoharibu sitaha. Bwana Pillay alikuta ubao ulio chini ya mguu wa mlingoti umelowa, laini kama mkate uliotumbukia chai. Akaukata, akaacha shimo wazi, akasema liachwe lipigwe na jua mpaka likauke lenyewe. Kisha akaenda harusini Pietermaritzburg. Mimi nikaliona lile shimo linanitazama. Fundi wa nguo hawezi kuacha tundu. Nikachanganya gundi ya makopo mawili, nikaliziba, nikapaka rangi, nikalisugua likang'aa. Nilitaka afurahi. Akafurahi kweli, mpaka joto liliporudi na ile rangi ikafura kama chapati kwenye kikaango. Maji yalikuwa bado mle ndani, na sasa hayakuwa na pa kutokea.

Hakunigombeza. Alinipa tindo. Tukafungua tena, na safari hiyo tuliacha wazi mpaka kukawa na harufu ya mbao badala ya harufu ya kinamasi.

Mimi na mama yako tuliwahi kufanya vilevile, na hii huijui kwa sababu ulikuwa mdogo. Mwaka ule nilipokwenda kutafuta kazi Johannesburg nikarudi mikono mitupu, hatukuuzungumza hata siku moja. Alinifungulia mlango, akaniandalia chakula, na sote tukapaka rangi juu. Mambo sharp, tulisema. Miezi mingi baadaye tukagombana kwa sababu ya sufuria, sufuria tu, na majirani wa ghorofa ya tatu wakapanda kuuliza kama kuna aliyekufa. Haikuwa sufuria. Siku hizi akinyamaza namwachia shimo wazi. Silali vizuri, lakini halifuri.

Naona hotuba inakuja, kwa hiyo nitoke hapo.

Nikueleze habari ya tanga, ingawa ulikuwepo. Nataka uisikie kutoka kwa aliyekosea, maana wewe huisimulia ukicheka na unaruka sehemu nzuri.

Bwana Pillay alipoona magodoro yamekaa vizuri akaniletea tanga kubwa, lile la zamani, akaomba nilirekebishe. Nyumbani kwetu halikuingia. Ukilitandika sebuleni, ncha inafika bafuni. Mchungaji akatupa ukumbi wa kanisa siku za katikati ya wiki, tukasogeza viti, nikavua viatu, nikaanza kutambaa juu yake kwa magoti. Wamama wakapita. "Papa Furaha, hii iko tente ya krusedi?" Nikasema ndiyo, kwa sababu kueleza ni kazi. Wakaliwekea mikono wakaliombea. Mpaka leo kuna mmoja ananiuliza tente imefika wapi.

Sasa, lile tanga la zamani lilikuwa limetuna katikati. Halikukubali kulala sakafuni. Kila nikilinyoosha huku, linainuka kule. Mimi nimezaliwa ndani ya ufundi. Najua suruali ikivaliwa miaka mingi magoti yanatokeza, na kazi ya fundi ni kuyarudisha. Nikasema hili limechoka, limefanya magoti. Nikafumua vipande vyote, nikavikata kingo zikawa sawa kama rula, nikaviunga tena kwa mshono wa zigizaga safu mbili. Nilipomaliza lilitulia sakafuni kama kitambaa cha meza ya harusi. Hapakuwa na mkunjo hata mmoja. Nilimwita mama yako aje alione. Nilimwita mchungaji. Nusura nimwite mpiga picha.

Tukalipandisha pale ndani ya bandari. Boti za wengine zinatupita zimelala ubavu, watoto wa watu wanatupungia mkono, sisi tumesimama. Upepo unalipiga tanga langu, unateleza juu yake, unakwenda zake. Bwana Pillay alikunywa chai yote ya chupa. Kisha akasema kwa Kiingereza chake cha polepole, "Fundi, umenishonea ukuta. Ukuta mzuri sana."

 Wewe ulikuwa umeshika kamba, umeinua kichwa, unakitazama kile kitambaa. Ukasema, "Papa, hii haina kifua."

"Kifua gani?"

"Kama blauzi ya Mama Espérance. Ungemushonea hivi, angepumulia wapi?"

Furaha, nimeshona blauzi tangu sijaota ndevu. Ule mkunjo mdogo wa pembeni, unaobana huku ili kitambaa kipate nafasi kule, nauweka nikiwa naongea na mteja, hata siutazami. Na sikuuona. Nilikuwa na kitu kikubwa mbele yangu, nikadhani ufundi wangu mdogo hauwezi kukifikia. Ile kutuna niliyoiondoa kwa bidii ndiyo iliyokuwa ikivuta boti. Nilikata kazi yenyewe nikaiita uchakavu.

Bwana Pillay alikutazama wewe, kisha akanitazama mimi. Hapo ndipo nilipojua ameshaona nilichokiona siku ya kutapika.

Kwa hiyo alipokuja nyumbani mwezi wa tano, amevaa shati la kupiga pasi, na boksi la peremende mkononi, nilikuwa najua. Alisema hii ni baridi yake ya mwisho Durban. Anaipeleka boti Cape Town kwa mwanawe, yeye na mpwa wake, na anahitaji mtu wa tatu. Na huko kuna karakana ya kuunda boti ambayo mwenyewe ni rafiki yake, wanachukua vijana wa kujifunza. Ulisema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Mama yako akaweka kijiko chini. Mimi nikauliza shati lake limeshonwa wapi.

Yaliyofuata unayajua, usijifanye. Nyie mlifanya kazi. Mlibadilisha nyaya zote za kushikilia mlingoti, mkaweka bamba la jua nyuma na betri mpya na redio. Mama yako alipoletwa kuona alibofya taa, akazima, akabofya tena, akasema, "Boti iko na umeme, sisi kwa nyumba tunawasha mushumaa." Mlikwangua magamba ya bahari chini ya boti, mkapaka rangi, mkairudisha majini. Kila kitu kikawa tayari isipokuwa tanga jipya, la kuchukua nafasi ya ule ukuta wangu. Na tanga lilikuwa kwangu.

Kwanza uzi haukunipendeza. Nikaagiza mwingine, nikausubiri. Kisha safu mbili za mshono zikawa chache, nikasema tatu. Kisha pembe zikataka ngozi. Kisha ngozi ikawa ngumu mno. Bwana Pillay alikuwa akisema, "Hakuna haraka, fundi," na mimi nikimjibu, "Eish, kazi ya bahari si ya kukimbilia." Mama yako alinivumilia mpaka siku moja akiwa anasonga ugali. "Papa Furaha. Gauni ya harusi ya mudogo wangu ulishona kwa siku ngapi?"

"Mbili."

"Na shanga?"

"Na shanga."

Akageuza ugali. 

Kisha ile siku ya ukumbini. Nilidhani uko uwanjani na Bwana Pillay. Nilikuwa nimepiga magoti katikati ya tanga, na wembe mkononi, nafumua mshono mzima usio na kosa lolote. Nilikuwa nimeufumua hatua kadhaa nilipoona miguu yako. Ulikuwa umevua viatu. Sikujua umesimama hapo tangu lini.

Nilikuwa tayari kwa maneno. Nilikuwa hata na uongo mkononi, kwamba uzi umekatika kwa ndani. Hukuuliza. Ulikwenda kwenye kopo langu, ukachukua wembe mwingine, ukakaa kwenye ncha ya pili ya mshono uleule, ukaanza kufumua kuja upande wangu.

"Tufumue yote, Papa?" ukasema. "Halafu tushone tena. Mie niko na wakati mpaka uchoke."

Tulikutana karibu na katikati. Nikaweka wembe chini.

Sijakueleza nilichokuwa nakifikiria pale. Nilimfikiria babu yako wa Uvira. Alikuwa fundi kama mimi, mkali, asiyesema sana. Nilipomwambia naondoka, navuka ziwa niende Kigoma na kutoka hapo popote, hakunikataza. Alichukua futi, akanipima suruali. Akasema, "Njoo uichukue Jumamosi." Jumamosi akasema mfuko bado, njoo Jumatano. Jumatano akasema pindo. Mimi nilikuwa kijana, niliona ananidharau, mtoto wake mwenyewe anazungushwa kama mteja asiyelipa. Nikaondoka bila suruali. Nilivuka lile ziwa nimepakata kichwa cha cherehani, nimefumba macho mwanzo mpaka mwisho, nimemkasirikia. Asubuhi ile hakutoka nje kuniaga. Nilipita dirishani nikasikia miguu yake inakanyaga cherehani, nikasema moyoni, angalia, hata leo anashona.

Nimeishi na hasira ile miaka mingi, nikaitunza vizuri, nikaipaka mafuta. Iliisha kwenye sakafu ya kanisa, mbele yako, wembe ukiwa chini. Ile suruali ilikuwa imekwisha ndani ya siku mbili za kwanza. Najua kasi yake, ndiye aliyenifundisha.

Sijui nani aliivaa. Natumaini ilimkaa.

Siku ile ukumbini nilikwambia ushone wewe mshono tulioufumua, nami nitashika kitambaa. Ulishangaa. Uliukata mkunjo wa kifua kwa jicho lako, hukutumia alama zangu, na mimi niliuma ulimi nikatazama dari. Pale mashine ilipokwama kwenye mshono wa pembeni, uzi wako ulikwenda mrama upana wa kiganja. Ukataka kurudia. Nikasema acha, tuendelee, tutaangalia baadaye.

Baadaye ndiyo hii. Nitakwambia ukweli: sikuja na kamba, nimekuja na wembe, sindano na uzi wa nta, mfukoni, kama daktari anayetembelea mgonjwa nyumbani. Ilikuwa nikunyooshee ule upana wa kiganja, na labda ningeona na kingine, na labda kingine kingetaka mpaka kesho kutwa, na upepo wa kaskazini haungoji mtu. Nimelitoa tanga kwenye mfuko wake hapa ndani, nikauweka mshono wako chini ya goti, nikauvuta kwa mikono miwili mpaka mabega yakauma. Nikaumulika. Nikauvuta tena.

Umepinda. Na hautoki. Ulipoona umekwenda mrama ulirudi juu yake mara mbili kwa hofu, na sasa hapo ndipo penye nguvu kuliko kwangu pote. Nimelirudisha tanga mfukoni. Sindano haikutoka.

Naogopa, mama yangu. Bwana Pillay amenionyesha kwenye ramani ile pwani ya kati ambayo haina mlango, kilomita na kilomita hakuna bandari ya kuingia, na mawimbi yake nimeyasikia yakisimuliwa na watu wasiopenda kutia chumvi. Naiandika hofu hii hapa ili nisiivae kesho. Lakini nimewaona wewe na yule mzee msimu mzima mkikagua kila skrubu, na nimeona jinsi anavyokusikiliza unaposema hapana. Mtu anayesikilizwa akisema hapana yuko mahali pazuri. Ukifika mahali wasikusikilize, hata kama ni pakavu na pana paa, toka.

Ukikosea huko karakana, na utakosea, usizibe haraka. Na wakikupa kitu kikubwa usichokijua, tafuta ndani yake blauzi ya Mama Espérance. Iko.

Sasa nakaribia mwisho, maana simu inatetemeka na ni mama yako. Ameandika: "Wamemaliza kichwa, wako kwa mabega. Kuja."

Jambo moja. Kesho mtakapowasha injini, mtaondoa kamba zote wenyewe isipokuwa ile ya nyuma, ya kwenye gati. Hiyo lazima mtu wa nchi kavu aifungue. Bwana Pillay ameniomba niwe mimi. Mama yako aliposikia alicheka hadi akashika ukuta. "Huyu? Huyu atafunga mafundo kumi."

Nitakuwepo, Furaha. Sitakuwa ndani nashona. Usiniangalie sana usoni, angalia mbele unakokwenda, lakini ujue nipo nje na nimesimama.

Na ile kamba nimeifunga upya jioni hii, kabla sijaanza kuandika. Ni fundo moja, la kufunguka kwa mvuto mmoja. Nimelijaribu mara nyingi, gizani, hapo gatini, mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna shida.

Nikamwambia hakuna. Linafunguka.

Papa